SOMO LA KIKUNDI: Ukuta Mmoja wa Rangi Kali Juu ya Moto



Katika masomo yaliyopita tulishughulikia makato ya mshahara na malipo ya saa za ziada. Safari hii tunaingia ndani ya nyumba. Wapo watakaouliza: rangi ya ukuta inakihusu nini chama cha wafanyakazi? Tunawaomba wavute subira. Jambo hili lilifikishwa mbele ya mkutano wa kazi wa dunia huko Geneva mwaka 1921, na tutafika huko.

Mjadala ulianzia katika kikundi chetu cha mafunzo hapa Hai Mauna, mjini Juba. Kikundi kina waashi, mafundi rangi, wafanyakazi wa kiwanda cha maji ya chupa, na akina mama wanaopika chakula cha kuuza. Mafundi rangi wawili walikuwa wakibishana. Mwenye nyumba mmoja alitaka ukuta wa juu ya moto upakwe rangi ya chungwa kali, na kuta tatu nyingine ziwe nyeupe. Fundi wa kwanza alisema nyumba itafanana na kibanda cha kuuzia vocha za simu. Wa pili alisema huo ndio mtindo, na tena mteja ndiye anayelipa. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza swali lililotunyamazisha sote: "Na hiyo rangi, watoto wakiilamba?"

Hapo tukaona pana somo.

Kwanza tuelewane juu ya huo moto wenyewe. Juba joto la Februari na Machi hufika nyuzi 38 na kupita, kwa hiyo si kawaida mtu wa Hai Mauna kujenga mahali pa kuotea moto ukutani. Moto wetu ni wa kupikia, na kwa wengi ni jiko la makaa. Lakini wenzetu waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho na Limuru wameziona nyumba za mameneja. Huko ni juu, kiasi cha mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inauma. Ndani ya nyumba hizo mna mahali pa moto palipojengwa kwa mawe, na dohani ya kutolea moshi, na rafu juu yake ya kuwekea saa na picha. Katika nyumba za kambi za wachuma chai, moto ni mafiga matatu au jiko la kuni kwenye kona.

Tofauti ya nyumba hizo mbili tumeizungumza mara nyingi, na hatutaacha kuizungumza. Hata hivyo ukuta wa juu ya moto una tabia moja kote kuwili. Ndio ukuta ambao jicho la mgeni huufikia kwanza, maana watu hukaa wakiuelekea moto. Na ndio ukuta unaopigwa na joto na moshi kuliko kuta zote. Kwa sababu ya jambo la kwanza unafaa kupambwa. Kwa sababu ya jambo la pili haupambwi ovyo.

Wala tusidhani kwamba kupamba ukuta ni elimu iliyoletwa na mameneja. Mashariki ya Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka ambako leo ni wilaya ya Kirehe, watu hupamba kuta za ndani kwa kazi iitwayo imigongo. Huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakaifinyanga ukutani kuwa matuta ya mistari na pembe, kisha ikishakauka huipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ni ya udongo mweupe na nyekundu ni ya udongo mwekundu. Masimulizi ya huko yanasema aliyeanzisha kazi hiyo ni mwana wa mfalme aliyeitwa Kakira. Wanubia wa kando ya mto Naili, upande wa Misri na kaskazini ya Sudan, nao walikuwa wakibandika sahani za kaure ndani ya kuta za udongo na kuzizungushia michoro. Vijiji vyao vingi vilifunikwa na maji ya bwawa kuu la Aswan katika miaka ya 1960.

Watu wa Lamu walikwenda njia nyingine. Katika nyumba za mawe za zamani kuta zao ni nyeupe za chokaa, zimechongwa zidaka safu kwa safu, na rangi ililetwa na vyombo vilivyowekwa ndani ya zidaka hizo. Ukuta ulinyamaza, vyombo vikasema. Huyu mwenye nyumba wetu wa rangi ya chungwa anataka kinyume chake: ukuta useme. Basi lazima vitu vilivyouzunguka vinyamaze. Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi. Mtu anapaka ukuta mwekundu, halafu anautundikia kalenda saba za miaka iliyopita, maua ya plastiki, saa mbili ambazo moja haifanyi kazi, na picha za wachezaji wa mpira. Rangi aliyoinunua haionekani tena. Hiyo ni pesa iliyofunikwa.

Juu ya moto tundika kitu kimoja kikubwa, si kumi vidogo. Kinafaa kitu kisichoogopa joto: sinia ya shaba, chungu kizuri, ungo mkubwa ikiwa uko juu vya kutosha. Kitambaa na karatasi hazina mahali pale. Ukitaka kujua joto linafika wapi, washa moto uwake saa nzima, kisha weka kiganja ukutani, ukianzia juu ukishuka polepole. Pale ambapo huwezi kuushikilia mkono, hapo hata rangi ya kawaida haitadumu. Paache mawe au matofali matupu. Rafu ya mbao isikae chini ya sentimita 30 kutoka mdomo wa moto, na ikiwa juu zaidi ni bora zaidi.

Kuta tatu zilizobaki zisiwe nyeupe ya hospitali. Chukua chokaa au rangi nyeupe ya maji, utie tone dogo la ile rangi kali, ukoroge mpaka weupe upate uvuguvugu kidogo. Kwa namna hiyo kuta nne zitakuwa ndugu wa baba mmoja. Kisha rangi kali irudie mahali pawili hivi ndani ya chumba, si zaidi: mto wa kiti, kitambaa cha meza. Hapa Juba tuna walimu wazuri wa jambo hili. Mama anayetarizi milaya, yale mashuka ya maua na ndege, huanza na kitambaa cheupe, halafu rangi moja anaiweka kona hii na kuirudisha kona ile, ili jicho lisikwame mahali pamoja. Milaya yenye rangi nyingi ni nzuri, lakini iwe kitandani, ng'ambo ya ukuta unaosema, isikae ubavuni pake.

Rangi za moto, yaani nyekundu, chungwa na manjano, huuleta ukuta karibu. Chumba chembamba na kirefu hufaidika ukuta wa mwisho ukipakwa hivyo. Chumba kidogo kisicho na dirisha kitakuwa kama tanuri. Tena tuseme wazi: kama chumba hakina dirisha, pesa ya kwanza ni ya dirisha, si ya rangi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya kununua, paka kipande cha katoni, kiegemeze pale ukutani, ukitazame asubuhi na ukitazame tena usiku kwa taa unayoitumia. Rangi ya dukani na rangi ya nyumbani usiku mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo chake mita 2.5. Ukuta mmoja ni mita za mraba 7.5. Lita moja ya rangi hufunika kiasi cha mita za mraba 10 kwenye lipu laini, kwa kupaka mara moja. Kupaka ukuta mmoja mara mbili ni lita moja na nusu. Kupaka kuta zote nne mara mbili ni lita sita. Kwa hiyo anayepaka ukuta mmoja rangi ya bei na zilizobaki chokaa, amepata nyumba ya kupendeza kwa robo ya gharama ya rangi. Lipu ya mkwaruzo hunywa zaidi, na nyekundu au manjano huenda ikataka kupakwa mara tatu. Shika neno hilo la mara tatu, tutalirudia.

Ukuta uliofukizwa moshi uoshwe kwanza kwa maji ya moto na magadi au sabuni, usuuzwe, ukauke. Masizi yana mafuta. Ukipaka juu yake, doa litatokeza tena. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki nne. Ukuta wa udongo usipakwe rangi ya mafuta hata kidogo, kwa sababu unyevu hufungiwa ndani na rangi hutoka kwa magamba. Udongo unapenda chokaa, au udongo mwenzake wa rangi. Na wale wanaovunja betri za redio wapate unga mweusi wa kupakia ukuta na sakafu, tunawasihi waache. Unga ule una manganizi, na vumbi lake likivutwa siku nyingi hudhuru mishipa ya fahamu. Masizi ya chungu yaliyochanganywa na udongo hutoa weusi mzuri, na hayauzwi.

Tufike kwenye swali la yule mama.

Ndani ya makopo mengi ya rangi kali za mafuta, kwa miaka mingi, viwanda vimetia madini ya risasi, risasi ile ile ya betri ya gari. Manjano na chungwa inayong'aa ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na kromu. Kijani ilipatikana kwa kuichanganya manjano hiyo na buluu. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu kwenye chuma ilikuwa risasi tupu iliyochomwa. Hata nyeupe ya zamani ilikuwa ya risasi. Viwanda viliipenda kwa sababu inang'aa, inastahimili jua, na inafunika haraka. Mnakumbuka tulisema nyekundu na manjano huenda zikataka kupakwa mara tatu? Rangi nyingi zisizo na risasi ndivyo zilivyo. Basi muuzaji akijisifu kwamba manjano yake ya mafuta hufunika mara moja tu, usishangilie. Muulize kuna nini ndani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi: ubongo wake hudumaa, masomo humshinda, na madhara hayo hayaponi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtu mzima hupata shinikizo la damu, ugonjwa wa figo na upungufu wa damu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi ni sehemu 90 za risasi katika milioni, na Kenya na Tanzania zimekiingiza katika viwango vyao. Rangi za maji kwa kawaida hazitiwi risasi. Hatari kubwa iko katika rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa hizo zinazopimwa kutoka pipani na kumiminwa katika chupa isiyo na karatasi ya maelezo.

Sasa jiulize ni ukuta gani ndani ya nyumba utakaotoa magamba mapema kuliko kuta nyingine. Ni ule wa juu ya moto. Joto huupanua mchana na baridi huurudisha usiku, rangi inapasuka, vipande vinadondoka. Vinadondoka wapi? Pale chini, ambapo sufuria iko wazi na mtoto anatambaa. Kwa hiyo rangi ya mafuta ya chungwa kali isiyojulikana asili yake, tukiiweka juu ya jiko, tumechagua mahali pabaya kuliko pote. Udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni wa kutu ya chuma, hauogopi joto hilo. Una haya kidogo, haupigi kelele kama chungwa ya kopo, lakini ukizungukwa na weupe wa chokaa unatosha kabisa kuwa ukuta unaosema.

Mpaka hapa tumezungumzia anayeishi ndani. Lakini kabla mtoto hajalamba, fundi amekwisha kuvuta vumbi. Ndiyo sababu ya Geneva. Mwaka 1921 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi ulipitisha Mkataba Na. 13 juu ya risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi. Nchi iliyoukubali ilijifunga kupiga marufuku risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa stesheni za reli na majengo ya viwanda pale itakapoonekana ni lazima. Angalia jinsi kiwanda kilivyoachiwa mlango! Mkataba ulikataza vijana wa kiume wa chini ya miaka 18, na wanawake wote, kufanya kazi ya kiwandani ya rangi hiyo. Uliagiza pia hatua dhidi ya vumbi la kukwangua na kupiga msasa mkavu, mahali pa mafundi kunawia wakati wa kazi na baada yake, na nguo za kazi zivaliwe muda wote, huku nguo za nyumbani zikihifadhiwa zisichafuke.

Mkataba ulitaja risasi nyeupe. Ile manjano ya kromu haukuitaja. Na mambo yalikwenda polepole hata katika nchi tajiri: Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, yaani miaka 57 baadaye. Elimu ya madhara ilikuwapo. Kilichokosekana ni nguvu ya kuwabana wenye viwanda.

Tuna mfano wa karibu wa madhara ya risasi, ingawa si wa rangi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi. Ndugu Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho na mtoto wake akaonekana ana risasi mwilini, aliongoza madai. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilipita rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo.

Fundi wa Hai Mauna afanye nini kesho asubuhi? Rangi ya zamani isiyojulikana, ikiwa imeshika vizuri, isikwanguliwe. Ipakwe juu yake. Ikiwa inabanduka, iloweshwe kwa maji kwanza, ikwanguliwe ikiwa mbichi, takataka zikusanywe kwenye turubai na zisitupwe motoni. Rangi isichomwe kwa moto ili ibanduke. Watoto na vyombo vitolewe nje siku hiyo. Asile wala kuvuta sigara kazini kabla ya kunawa. Nguo za kazi asiende nazo nyumbani akazichanganya na nguo za mtoto. Na kama ameajiriwa, sabuni, maji na ovaroli ni juu ya mwajiri, si zawadi. Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijatia saini mkataba wenyewe. Sudan Kusini ni mwanachama tangu 2012.

Kwa ndugu zetu wa mashambani wanaoishi katika kota za mwajiri liko jambo la kuongeza katika madai ya nyumba. Mara nyingi tunadai "nyumba zipakwe rangi" na kuishia hapo. Mwajiri hununua rangi ya bei ya chini kuliko zote na kusema ametimiza. Maneno ya madai yawe: rangi isiyozidi sehemu 90 za risasi katika milioni, kopo lifunguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, na mwenye nyumba achague mwenyewe rangi ya ukuta mmoja. Hilo la mwisho wengine wamelicheka. Mtu anayekaa miaka ishirini katika chumba cha kampuni, kilichofanana na vyumba mia vya jirani, hataona la kucheka.

Maswali ya kujadiliana kikundini. Ni nani katika kikundi chenu anayejua kopo la rangi iliyopakwa chumbani mwake lilitoka wapi? Je, wako vijana wa chini ya miaka 18 wanaokwangua rangi katika kazi mnazozijua, na wanalipwa nani? Udongo mwekundu na udongo mweupe unapatikana wapi karibu nanyi, na ni bibi gani bado anajua kuuchanganya? Kwa mkutano ujao kila fundi alete karatasi ya maelezo kutoka kopo moja, hata kama imechanika, tuisome pamoja.